ETI "PUNGUZA TUMBO"! Huyu mtu ananitafutia nini?

Wadau, natetemeka hadi rangi inamwagikia suruali. Mnamjua. Mheshimiwa wetu, simtaji, Busia nzima hapa Uganda inamjua, hata ng'ombe wa mnadani wanamjua. Yule ambaye gari likisimama kinateremka kiatu kimoja, tumbo linafuata, mwenyewe anafika baada ya dakika tano.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Jumapili usiku nilichora katuni kwenye ukuta wa kibanda changu. Mbuzi kavaa suti na tai, kalala chali chini ya mabati mapya yenye maandishi ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nje, bibi wa Karamoja kajifunika sufuria kichwani, mvua inamchapa. Mambo ya 2023, najua, lakini mimi sijasahau. Mabati ya maskini wa Karamoja yaligawanwa na wakubwa, mengine yakaezeka banda la mifugo, mawaziri 3 wakapandishwa kizimbani. Nikajua hapo nimeuma mtu. Nikaenda kulala kwa shemeji kusubiri polisi. Nilibeba hadi mswaki!

Leo asubuhi kaja yeye. Kaangalia. Kacheka mpaka kikohozi kikamshika, dereva naye akacheka kwa amri. Halafu: "Kijana, kazi safi. Lakini punguza tumbo."

PUNGUZA TUMBO!

Jamani, sikumchora yeye! Kwenye mabati hakuna aliyewahi kumtaja! Nikamwambia, "Mheshimiwa, huyo ni mbuzi." Akasema, "Najua. Lakini punguza."

Bibi analowa, hakuuliza. Mabati ya nani, hakuuliza. Tumbo! Akanipa elfu tano, akajipiga picha shavu kwa shavu na mbuzi wangu, sasa ndiyo picha yake ya WhatsApp. Nimechora aibu, kaivaa kama medali. Eti punguza tumbo!

Fundi wa Tororo: Na elfu tano uliikataa?

Mwenye uzi: Hilo si swali.

Mzee wa Gombolola: Kijana wangu, mchora katuni Spire Ssentongo aliitisha maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala mitandaoni 2023, rais akaagiza bilioni 6 zitolewe. Ukuta wako umetoa elfu tano. Wewe katuni zako ni za ngazi ya kijiji.

Binti Bombo: Huyu si ndiye aliyechora simba kwenye ile baa akatoka kama paka mwenye surua? Mbuzi wake anafanana na kila mtu, msimlaumu mheshimiwa.

Mwenye uzi: Mwenye baa alilipa nusu, akapata nusu simba.

Afande Mstaafu: 2014 vijana waliingiza nguruwe wa kweli bungeni, wamepakwa rangi ya njano. Wakakamatwa. Wewe umelala kwa shemeji na mswaki, hakuna aliyekutafuta. Pole.

Wakili wa Stendi: Ndugu, usiogope. Kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, kile cha mawasiliano ya kukera, kilifutwa na Mahakama ya Katiba Januari 2023.

Fundi wa Tororo: Ukuta si kompyuta, wakili.

Mama Wawili: Mmetaja mabati mkanikumbusha. Kuna mwenye duka hapa, mnamjua, kaniuzia geji 32 akiapa ni 28. Paka akipita juu linabonyea. Mvua ya juzi tulilala na beseni katikati ya kitanda, kila mtu upande wake!

Binti Bombo: Mzee si alifurahi kupumzika?

Mama Wawili: Usinianze.

Mzee wa Gombolola: Turudi kwenye mada. Tumbo umelipunguza?

Mwenye uzi: Kidogo tu. Rangi nyeusi ya suti ilikuwa imebaki.

Afande Mstaafu: 😂😂😂 Funga uzi.

Boda Namba Saba: Msifunge, mimi pia nina langu. Yule wa rolex, chapati ya mayai, pale stendi. Zamani mayai mawili, kitunguu, nyanya, kabichi. Leo yai moja limetandazwa mpaka unasoma gazeti kupitia yai! Nikamuuliza, akaniambia kuku wamegoma.

Mama Wawili: Huyo! Hata chapati yake siku hizi unaipuliza inaruka.

Wakili wa Stendi: Yupi, wa upande wa kituo cha mafuta?

Boda Namba Saba: Huyo huyo. Lakini pilipili yake tamu, nitapita jioni.