Maji ya bahari Dar yapimwe vipi, na majibu abandikiwe nani?

Mzee wa Makole: Wakuu habari za jioni. Wizara zote tumehamia nazo huku Dodoma, bahari imebaki kule. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza mji mzima na takataka zake unamwaga baharini pale daraja la Salenda. Kwa nini maji ya pale yasipimwe kila wiki, majibu yakabandikwa palepale ufukweni, mtu ajue leo ni siku ya kuoga au ya kukaa mchangani?

Nipo Upanga: Watu wa Dodoma bahari mmeijulia wapi nyie wala mlenda? Kapimeni zabibu.

Binti Chang'ombe (ya huku, sio ya Dar): We wa Upanga koma, mlenda umeingiaje hapa? Nimekaa Dar miaka 6, kila asubuhi napita hapo na daladala, maji yakishakupwa lile tope jeusi linanuka mpaka konda mwenyewe anafunga kioo, sasa pua nayo inauliza mtu katokea mkoa gani?

Nipo Upanga: Tope la mikoko linanuka popote dada, hata kusikokuwa na choo.

Fundi wa maabara: Hapo kasema kweli, harufu ya yai viza kwenye mikoko ni kawaida. Kinachotafutwa ni bakteria wa kinyesi, oksijeni, na ile mbolea inayofanya majani ya baharini yafumuke. Na Mzee, mara moja kwa wiki ni bahati nasibu. Chota maji yamejaa upate safi, chota yamekupwa baada ya mvua utalia. Karatasi isiyoandikwa saa ya kuchota ni ya kufungia karanga.

Mzee wa Makole: Asante sana mkuu, ndo nilichotaka. Sasa na wale kina mama wanaookota chaza...

Mgogo Halisi: Samahani Mzee, mie bado niko kwa huyo aliyetukana mlenda. Mlenda mkavu, karanga za kutwanga, ugali wa uwele. Ushawahi kula au umesikia kwa konda?

Nipo Upanga: Unateleza wenyewe mpaka tumboni bila ruhusa 😂

Mgogo Halisi: Usirudie.

Binti Chang'ombe (ya huku, sio ya Dar): Ila jamani, bwawa letu la Hombolo nako kuna anayepima? Mvua ikinyesha uchafu wa mji wetu unaishia kule na perege tunanunua kila Jumamosi.

Mgogo Halisi: Perege wa Hombolo waache, dada. Tunazungumzia Dar.