Mrejesho: klachi ya 944 imebadilishwa

Wakuu, habari za leo. Niliuliza kuhusu Porsche 944 yangu iliyokuwa inagonga kila nikiingiza gia, halafu ikanigomea napandisha Ngaramtoni, hapa Arusha: injini inanguruma, gari haliendi. Mliosema ni raba ya katikati ya sahani ya klachi, heshima yenu. Ilikuwa imekatika vipande vipande.

Kwa waliosema lazima injini ishuke: haikushuka. Gia boksi liko nyuma lakini klachi iko mbele kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na katikati kuna bomba nene lenye shafti ndani. Fundi wa mtaa wa Unga Limited alitoa ekzosi, akafungua shafti za magurudumu ya nyuma, akashusha gia boksi, akalivuta lile bomba nyuma, ndipo akaifikia hausingi ya klachi. Kazi ya jasho, na bolti za huku nyuma zilikuwa na kutu balaa.

Kilichomsumbua zaidi ni zile sensa mbili zinazosoma mzunguko wa flaiwili ili kompyuta ya injini ijue lini iwashe. Zilinata, plastiki imekauka, moja ikavunjika, tukaweka mpya zote. Kati ya sensa na flaiwili kuna nafasi ya 0.8 mm ya kupima kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), msiikadirie kwa macho. Ikikosewa gari linaweza lisiwake kabisa.

Sahani mpya ina springi badala ya raba. Tumebadilisha pia beringi ya klachi na sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili ya injini isivuje), maana nani atafungua tena yote haya kwa ajili ya sili?

Kugonga kumekwisha. Rivasi bado inasitasita asubuhi, nitaanza na oili ya gia boksi.