Mikoko imepandwa kichwa chini miguu juu, halafu watu wanapiga makofi!

Wakuu, mnamjua. Yule wa kofia mpya na viatu visivyolijua tope. Leo kaja Delta ya Rufiji na kamera nyingi kuliko mbegu, kachomeka mbegu ya mkoko, ile ndefu kama kijiti, NCHA JUU! Jamani, ncha ndiyo inayotoa mizizi! Inazama topeni theluthi ya urefu wake, chipukizi linabaki hewani. Mzee kamwelekeza, naye kajibu: "Itajigeuza yenyewe." Itajigeuza! Mbegu ni samaki?

Na kapanda wapi? Fungu la mchanga la mbele kabisa, linalofunikwa kila maji yakijaa. Pale ni pa mlilana, mti mwingine wa mikokoni, si mkoko. Tena siku za bamvua, maji yakijaa kupita kawaida! Mbegu zinasombwa kabla picha hazijafika mtandaoni. Mkoko unapandwa maji mafu, yasipojaa sana, mita moja kwa moja, miche 10,000 kwa hekta. Kambamiti wachanga hujificha na kula kwenye mizizi ile, wakikua ndio warudi baharini. Ncha juu itawaficha wapi? NCHA JUU!

Kaa Koko: Mkuu, unalilia ncha tu? Mbegu zenyewe zilichumwaje? Iliyokomaa ina pete ya njano pale inapoachana na tunda, ukiigusa inaachia. Zile zimenyofolewa changa. Hata ungezipanda wewe, haziwi.

Bint Mohoro: Nyie na ncha zenu. Huku kaskazini mwa delta msitu wa hifadhi unafyekwa kulimwa mpunga. Misimu michache, magugu na kaa vikimshinda, mkulima anahamia kipande kingine. Hilo hamlioni?

Mleta uzi: Dada, usihamishe uzi. Kasema ITAJIGEUZA!

Jarife: Mpunga tuuache. Kokoro, ule wavu wa kukokota, je? Linakokotwa mlangoni mwa kijito, chewa na changu wa urefu wa kidole wanamwagwa mchangani. Pandeni mtakavyo, samaki wa kukulia humo watatoka wapi?

Kaa Koko: Na vyandarua vya mbu vya kuvulia uduvi? Vinazoa kila kilichozaliwa jana.

Jarife: Chandarua afadhali. Kokoro linang'oa hadi majani ya bahari.

Bint Mohoro: Afadhali?? Fungua uzi wako tukutane huko.