Mjadala: Nyumba za Kolmanskop zifukuliwe au ziachiwe mchanga?

Msafiri: Wadau, kuna ule mji wa almasi jangwani Namibia, Kolmanskop, jirani na bandari ya Lüderitz. August Stauch alipogundua almasi kando ya reli mwaka 1908, pakaota hospitali, ukumbi wa dansi, hadi kiwanda cha barafu. Kufikia 1956 hakubaki mtu. Mimi nasema nyumba zifukuliwe zikarabatiwe. Mnaonaje?

Binti Reli: "Stauch alipogundua"? Hapo umenichoma, ndugu. Aliyeokota ni Zacharias Lewala, kibarua aliyekuwa anazoa mchanga relini kwa koleo. Stauch alikuwa msimamizi, jiwe akaletewa mkononi. Akatajirika yeye, Lewala hakuambulia kitu.

Mzee wa Stesheni: Dada, punguza jazba. Aliyehangaika na vibali ni Stauch. Na mali yenyewe haikudumu, alikufa fukara mwaka 1947.

Binti Reli: Kwani umaskini wa Stauch ndio unamlipa Lewala? Lewala alishafanya kazi machimbo ya almasi ya Kimberley, Afrika Kusini, jiwe alilijua kabla ya bosi wake!

Kasimu: Mnabishania jiwe, na reli je? Kutoka Lüderitz kwenda Keetmanshoop Wajerumani waliotawala waliwatumikisha mateka wa Kiherero na Kinama, wengine wakitolewa kambi ya mateso ya Shark Island, hapo hapo Lüderitz. Walikufa wengi mno. Mimi hilo linaniuma kuliko nyumba zote.

Msafiri: Jamani, niliuliza nyumba. Mji uliuawa na almasi za kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange. Zilipopatikana mwaka 1928 watu wakafuata huko.

Mzee wa Stesheni: Basi nijibu la nyumba. Nimewahi kufika. Kuna chumba mchanga umeingilia dirishani ukalala hadi kiunoni, mlango umekwama nusu wazi, na ukutani rangi ya buluu bado ipo. Ukiuzoa ule mchanga unabaki na nyumba mbovu tu. Waache.

Binti Reli: Mzee wangu, na vibarua wa Kiovambo walilala wapi? Hao waliopigwa eksirei kwa kushukiwa wamemeza almasi? Watalii wanarudi na picha za sebule ya mhasibu na ya mwalimu.

Msafiri: Hilo la vibarua sikuliwaza nilipoandika, dada. Sasa tukitaka walipoishi pafukuliwe kwanza, nani atoe hela? Viingilio vya watalii?

Kasimu: Viingilio, ndiyo. Na jina la Lewala liwekwe getini.

Mzee wa Stesheni: Getini sawa. Kile chumba cha buluu msikiguse.