Samadi iliyoua bustani yangu, na muuzaji anayeniambia sijui kilimo

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Msimu mzima matuta ya nyuma ya nyumba niliyoyatia samadi ya kununua hayajanipa nyanya hata ya kuonja, na kila ninayemuuliza ananijibu kwa mkato: ongeza maji, punguza maji, piga dawa ya wadudu, hiyo ni rasta, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya.

Si rasta! Rasta huenezwa na inzi weupe, hushika mche huu ikauruka ule, na kingo za majani hugeuka njano. Kwangu matuta yaliharibika kwa mpigo. Ncha za nyanya zilijisokota, majani mapya yakatoka membamba na kujikunja kama kikombe. Maharage vilevile, viazi vilevile. Mdudu gani huyo anayeangamiza mazao matatu kwa wakati mmoja, halafu mahindi ya pembeni hayagusi? Na tuta ambalo halikutiwa samadi, nyanya za mbegu ileile zinazaa vizuri tu.

Kwa hiyo tuseme wazi: ni samadi. Zipo dawa za kuua magugu ya majani mapana kwenye malisho, zenye viambato kama aminopiralidi na klopiralidi. Nyasi haziguswi, na mahindi ni jamii ya nyasi, ndiyo maana yalisalimika. Ng'ombe akila malisho yaliyopulizwa, dawa hupita tumboni bila kuvunjika na kutoka na kinyesi. Hata samadi iliyooza ikawa nyeusi, isiyo na harufu, inaweza kubaki nayo. Wala si jambo geni. Uingereza mauzo ya dawa za aminopiralidi yalisimamishwa mwaka 2008 baada ya bustani za watu kuharibika hivihivi, zikaja kurudishwa kwa masharti.

Kinachonichoma ni kwamba nilimuuliza muuzaji kabla ya kununua: ng'ombe wanakula nini? Akajibu, "Asilia tupu." Nilipompelekea picha, akasema sijui kilimo.

Basi nikachanganya samadi yake iliyobaki na udongo safi kwenye vyungu, vingine nikaweka udongo mtupu, nikapanda maharage. Kila chungu na kisahani chake, maji yasichanganyike. Ya udongo mtupu yamenyooka. Ya samadi, majani ya tatu yalitoka yamejikunja, shina limepinda. Jaribio hilo linachukua wiki chache na halihitaji maabara. Kwa nini wauzaji hawalifanyi?

Sasa udongo wangu nitaugeuza mara kwa mara na kuutia unyevu ili vijidudu vya ardhini viivunje dawa, na humo nitapanda mahindi tu mpaka maharage yaote salama. Mabua yake hayaingii kwenye mboji.

Muuza samadi ajue malisho yalipulizwa nini. Kama hajui, aseme hajui, asiniuzie kwa jina la asilia. Mwenye picha za majani ya namna hii aziweke hapa, na aseme samadi yake ilitokana na mnyama gani na alilishwa nini.