Ushauri: kufuata moshi wa moto wa pori hadi Aktiki, nikiwa Lubumbashi

MwanaKatuba: Wakubwa, salamu. Niko mwaka wa mwisho wa kemia hapa Lubumbashi. Nataka memwari yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, ifuate moshi wa moto wa pori hadi hewa ya Aktiki, kule kaskazini kabisa kwa dunia. Msimamizi hataki: kiangazi pori letu lote linawaka, barafu ya wenyewe inanihusu nini? Mimi bado natamani, ila maabara yetu haina mashine ya maana. Nianzie wapi? Na masizi ya kule nitajuaje yametoka porini, si kwenye dizeli?

Ya Mado: Mdogo wangu, masizi peke yake hayatakuambia. Tafuta kemikali iitwayo levoglukosani: inazaliwa selulosi ya mti inapoungua, dizeli haiitoi. Ila ukiipata usishangilie, kuni za jikoni nazo zinaitoa. Halafu njiani inaliwa na radikali za haidroksili, chembe kali za hewani, kwa hiyo ikiwa kidogo usiseme moshi haukufika. Isome pamoja na masizi, kisha rudisha njia ya upepo nyuma kwa HYSPLIT, programu ya kukokotoa hewa imetoka wapi. Ni bure, inataka mega za intaneti tu.

Mzee wa Kampemba: Moshi wetu uache. Wa Agosti na Septemba mwingi unaenda magharibi, juu ya Atlantiki; ndege za NASA ziliufuata huko kati ya 2016 na 2018. Wa Aktiki utafute Siberia na Kanada. Agosti 2021 satelaiti ziliona moshi wa Yakutia, huko Siberia, ukifika kwenye Ncha ya Kaskazini yenyewe. Chukua tukio hilo moja, picha za MODIS, kifaa cha satelaiti za NASA, ziko wazi kwa wote.

MwanaKatuba: Asante sana. Kwa hiyo upande wa tabianchi naandika kwamba moshi unapasha joto, basi?

Ya Mado: Weee! Hapo ndipo watakukamata siku ya kutetea. Theluji mpya inarudisha asilimia 80 ya mwanga au zaidi. Masizi yakitua juu yake inanyonya joto, inayeyuka mapema. Lakini moshi ulio bado hewani, juu ya bahari isiyo na barafu, unaweza kupoza, maana unarudisha mwanga ambao maji yale meusi yangeunywa karibu wote. Moshi uleule ukipita juu ya theluji, unapasha. Andika uko juu ya nini, na mwezi gani: Desemba kule ni giza, hakuna jua la kunyonya.

Mzee wa Kampemba: Mawingu usiyaguse. Moshi unayabadilisha, kweli, ila hiyo ni doktora nzima.

MwanaKatuba: Na vipimo bila mashine?

Ya Mado: Ingia EBAS, hazina ya mtandaoni ya vipimo vya hewa, pakua vipimo vya masizi vya kituo cha Zeppelin, kwenye visiwa vya Svalbard huko Aktiki. Bure pia. Chora 2021, umpelekee msimamizi kabla hujaanza kubishana naye.