MREJESHO: Land Cruiser mkonga, tairi za nyuma kutofuata njia ya mbele

Wakuu, niliuliza kuhusu mkonga wangu wa 79 (Land Cruiser pikapu): tairi za nyuma zimekaribiana kuliko za mbele kwa karibu milimita 95, na kwenye tope la Isyonje kwenda Kitulo tairi za nyuma zilikuwa zinajichimbia njia yake. Asanteni sana! Niliachana na spesa (vipande vya chuma vya kusogeza tairi nje), nikafuata ushauri wa rimu zenye ofseti ndogo, yaani zinazokaa nje zaidi zikifungwa. Kila tairi ya nyuma ikatoka nje milimita 30. Bado hazijalingana na za mbele, ila kuyumba kumepungua mno. Kilichoshindikana ni matope: madigadi hayafuniki tena tairi, ubavu wote unachafuka. Wabeba viazi, kagueni beringi za nyuma mapema, maana tairi zikitoka nje hivi beringi zinaelemewa zaidi.